Jinsi ya Kumfungia Sanduku Mwanao Aliye Jeshini Ng'ambo

Watoto wetu wengi hapa Marekani wamevaa kombati. Wapo walioingia jeshini kwa kadi ya kijani, wapo waliozaliwa hapa hapa, na wapo waliopitia MAVNI, ule mpango uliokuwepo kati ya 2009 na 2016 na uliochukua wageni wenye lugha zilizohitajika jeshini, Kiswahili kikiwemo. Siku inafika kijana anakwambia anaondoka kwa miezi tisa, labda Kuwait, labda Djibouti, Poland au Korea Kusini, na wewe mzazi unabaki na chumba chake na maswali yako.

Majirani zetu Wamarekani wanajua la kufanya tangu enzi za bibi zao: wanafunga sanduku. Sisi tuliokulia Tanga, Kisumu au Bukavu tumezoea kutuma kitu kwa mkono wa mtu. Unasikia fulani anasafiri, unamkimbizia mfuko jioni, basi. Kwenda kambini hakuna msafiri wa kubeba mfuko wako. Kuna posta ya jeshi, nayo ina taratibu zake. Nawaandikia wazazi, mashangazi, wajomba na wake wa askari wanaotaka kutuma na hawajui waanzie wapi. Akina mama wa jumuiya yetu tumefunga masanduku mengi pamoja, na ninaloliamini kuliko yote ni hili: shukrani za askari zina habari ndani yake. Zisikilize vizuri, zitakuelekeza cha kuweka kuliko orodha yoyote.

1. Pata anwani kama alivyoiandika mwenyewe

Anwani ya jeshi haina mji wala nchi. Ina cheo chake na jina lake kamili, kisha kikosi au namba ya sanduku lake la kambini, na mstari wa mwisho unaoanza na APO, FPO au DPO. APO ni ya jeshi la nchi kavu na la anga, FPO ni ya wanamaji na meli zao, DPO ni ya balozi. Herufi mbili zinazofuata husimama mahali pa jimbo: AE ni Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika, AP ni upande wa Pasifiki, AA ni nchi nyingine za bara la Amerika. Mwisho kabisa ni namba ya posta, na za AE huanza na 09.

Mwombe akuandikie anwani yote kwa ujumbe, uinakili herufi kwa herufi. Usiongeze neno Kuwait wala Djibouti popote. Ukitaja nchi, sanduku linaweza kuingizwa kwenye mizigo ya kawaida ya kimataifa na kuishia posta ya kiraia ya nchi hiyo, mbali na kambi.

Jina la mtu ni lazima. Zamani raia aliweza kuandika "kwa askari yeyote" na sanduku likapokelewa, lakini utaratibu huo ulisimamishwa Oktoba 2001, wakati wa zile barua zenye vimelea vya kimeta.

Ndugu walio Dar au Nairobi wakitaka kuchangia, na watataka, waambie wakufikishie wewe uliye Marekani kwa njia yenu ya kawaida ya msafiri. Sanduku likitoka ndani ya Marekani unalipa bei ya ndani ya nchi, hata kama linavuka bahari mpaka Pembe ya Afrika.

2. Uliza kilichokatazwa huko aliko

Kuna makatazo ya posta na kuna makatazo ya kambi, na hayafanani kila mahali. Pombe usiitume kabisa. Nyama ya nguruwe imekatazwa kwenye anwani nyingi za Mashariki ya Kati, na hiyo ni pamoja na vijiti vya nyama kavu vinavyouzwa madukani, kwa hiyo soma karatasi ya nyuma kabla hujanunua. Picha za utupu ni mwiko. Manukato yenye spiriti, rangi ya kucha, viberiti na makopo ya kupuliza havipandi ndege. Betri za lithiamu zilizo peke yake, pamoja na pawabenki, ziache nyumbani. Matunda mabichi, mbegu na chochote chenye udongo, acha pia.

Makatazo ya kila anwani yamepangwa kwa namba ya posta, hivyo karani wa USPS, yaani posta ya Marekani, akiandika namba hiyo kwenye kompyuta yake huyaona yote. Muulize kabla hujafunga sanduku. Ni haki yako, na kuna makarani wanaofurahi sana kumsaidia mzazi wa askari.

3. Chagua vitu

Hapa ndipo watu wengi huchukua orodha ya mtandaoni na kununua kila kilichoandikwa: dawa ya meno, sabuni, miswaki. Kwenye kambi kubwa kama Arifjan ya Kuwait au Camp Lemonnier ya Djibouti kuna duka, na vitu hivyo vimo. Aliyeko kituo kidogo cha mbali hali yake ni nyingine. Huyo anahitaji hata tishu zenye maji za kujifutia vumbi, poda ya miguu na mafuta ya midomo. Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza ni kama hapo alipo pana duka, na ndani yake hakipatikani nini.

Soksi nene zinapokelewa kila mahali. Sijawahi kusikia askari akisema zimezidi.

Kisha kuna vitu ambavyo duka la kambi halivijui kabisa, na hivyo ndivyo kazi yetu sisi. Mafuta ya nywele na ya ngozi ya watu weusi ni mfano mzuri. Vijana wetu, hasa mabinti, huhangaika sana kwa hili, kwani jua la jangwani na maji ya kambini hukausha nywele, na rafu ya duka haina wanachokijua. Mafuta mazito ya kupaka kichwani, kitambaa cha hariri cha kulalia, kitana kizuri: havichukui nafasi, na binti atakushukuru kwa sauti ambayo hujaisikia tangu aondoke.

Halafu chakula. Mwaka 1914 Waingereza walipowagawia askari wao zawadi ya Krismasi kwa jina la Binti Mfalme Mary, Waingereza wengi walipata tumbaku ndani ya kile kikopo cha shaba. Askari wa Kisingasinga walitiliwa peremende za sukari na viungo. Aliyepanga hilo alielewa kwamba mtu aliye vitani ana ulimi wa kwao.

Majani ya chai ya nyumbani yanaongoza orodha yangu. Chai ya kambini ni ya vifuko vya karatasi, haikolei. Weka majani, maziwa ya unga, na tangawizi, iliki na mdalasini vilivyosagwa pamoja. Birika la umeme usitume mpaka uulize, maana mabweni mengine hayaruhusu. Kikombe chenye chujio ndani kinatosha, maji ya moto yapo bwaloni. Fuata na korosho, karanga za kukaanga, chevda, krips za mihogo, visheti vikavu, kashata za nazi na ubuyu. Viungo vya pilau na pilipili ya unga vinaokoa chakula cha bwalo, ambacho kinashibisha lakini hakina ladha ya kwetu. Achari naipenda, ila naituma tu ikiwa ya kiwandani yenye kifuniko kilichobana.

Chapati, maandazi na kaimati usitume, waache vijana wamtamani mama yao. Sanduku linaweza kukaa njiani wiki tatu, na chakula chenye unyevu kitaota ukungu na kuharibu vyote vilivyomo. Nyama uliyoikausha mwenyewe usitume. Dagaa nao, jamani, bweni lina watu wengine.

Joto nalo lipange. Kuwait kiangazi hupita nyuzi 45, na mizigo hukaa ndani ya makontena ya chuma. Kuanzia Mei mpaka Oktoba usipeleke chokoleti, pipi laini wala mafuta ya nazi upande huo, maana yote yatafika yakiwa maji. Mwenye kijana Poland wakati wa baridi na atume chokoleti apendavyo, na aongeze glavu. Na kama kijana wako yuko Ghuba na Ramadhani inakaribia, tende usihangaike nazo, ziko tele huko. Mtumie tambi, iliki na viungo vya uji wake.

Mwisho weka kitu kimoja kisicho na kazi yoyote: kanga aliyozoea kuiona kitandani kwako, picha ya mtaa, mchoro wa mpwa wake, karata, au dhumna kwa wale wa pwani. Picha zichapishe kwenye karatasi. Zilizo ndani ya simu anazo, lakini ya karatasi ndiyo inayobandikwa ukutani.

4. Andika barua, hata fupi

Najua mnazungumza kwa WhatsApp. Andika hata hivyo, kwa mkono, kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Simu ya video hukatika, na kuna siku mawasiliano yote ya kambi hufungwa. Barua anaisoma akiwa zamu ya usiku, anaikunja, anaiweka mfukoni, anaisoma tena.

Wengi hukwama kwa sababu wanatafuta maneno mazito. Mweleze mambo madogo ya nyumbani: nani ameolewa, mpira uliishaje, bei ya nyanya, paka amejifungulia wapi. Usijaze kurasa kwa hofu zako, anazo za kwake. Usimuulize yuko sehemu gani hasa wala anahama lini, kwa sababu haruhusiwi kujibu na swali linampa uzito bure. Watoto wadogo wachore. Kama bibi yuko kijijini na hawezi kuandika, apige simu, wewe uandike anayoyasema kama anavyoyasema, pamoja na dua yake.

5. Funga sanduku

Posta hutoa bure masanduku ya Priority Mail, njia yake ya haraka, ya bei moja, na kuna moja kubwa maalumu kwa anwani za jeshi ambalo bei yake imepunguzwa. Lina upana wa sentimita 30 hivi kila upande na kimo cha karibu 14, na bei haibadiliki hata ukilijaza uzito, mradi usipite ratili 70. Kwa vitu vizito kama chai, karanga na maziwa ya unga ndilo lenye nafuu.

Sheria ya kwanza ya kufunga: sabuni na chakula visilale pamoja. Harufu ya sabuni hupenya karatasi, plastiki nyembamba, hata bati, na chai yako itafika inanuka maua. Kama lazima utume vyote, viwe masanduku mawili.

Ubuyu ndio unaohitaji mkono wa uangalifu zaidi. Rangi yake nyekundu ikilegea kwa joto inapita kwenye tundu dogo na kupaka soksi, barua na picha. Mimi naujaza kwenye mfuko wa plastiki wa zipu, nautoa hewa kwa kuukandamiza na kiganja, naufunga, kisha nautia kwenye mfuko wa pili kichwa chini, ili zipu ya kwanza ielekee kwenye kitako cha ule wa pili. Halafu nauviringishia kitambaa cheusi. Mafuta ya nywele nayo yafanyie hivyo hivyo, na kifuniko ukizungushie selotepu kabla hakijaingia mfukoni.

Vizito viwe chini, krips juu. Nafasi zilizobaki zijaze kwa soksi zilizokunjwa, moja moja, mpaka ukitikisa sanduku usisikie kitu kikicheza. Toa betri kwenye kila kifaa. Kabla ya kufunga, weka juu karatasi yenye anwani yake na ya kwako, kwa sababu lebo ya nje ikichanika hiyo ndiyo itakayoliokoa sanduku. Kisha piga selotepu ya mizigo kwenye kila mkunjo, juu na chini.

6. Peleka posta

Sanduku la anwani ya jeshi linahitaji fomu ya forodha ingawa umelipa bei ya ndani. Unaweza kuijaza kwenye tovuti ya USPS na kuchapisha lebo, au karani akakusaidia dirishani. Neno "zawadi" peke yake halitoshi. Taja kila kitu, idadi na thamani yake, kwa Kiingereza kinachoeleweka: soksi jozi sita, majani ya chai nusu kilo. Afisa wa forodha hajui kashata ni nini, mwandikie kuwa ni peremende ya nazi. Ubuyu ni peremende ya matunda ya mbuyu. Fomu pia inauliza lifanyweje sanduku lisipopokelewa. Chagua lirudishwe kwako.

DHL, FedEx na UPS hazifiki kwenye anwani za APO na FPO. Mizigo hiyo hukabidhiwa jeshi na USPS, kwa hiyo usikubali mtu akuuzie njia ya mkato.

Kwa Priority Mail hesabu wiki mbili hadi tatu, na uwe tayari kwa zaidi. Njia ya bei ya chini huweza kupita mwezi. Meli zikiwa baharini barua husubiri mpaka zikutane na bandari au meli ya mizigo. Kwa Krismasi, kila mwaka posta hutangaza tarehe za mwisho, na kwa kawaida za njia ya polepole huwa mwanzoni mwa Novemba na za Priority wiki ya kwanza au ya pili ya Desemba. Kwa Idi hakuna atakayekutangazia, hesabu mwenyewe mwezi mmoja na nusu kabla. Ukifuatilia namba ya mzigo ukaona umesimama Chicago siku nyingi, tulia. Mizigo mingi ya jeshi hupitia hapo, na ukishaingia mikononi mwa jeshi huenda usionekane tena kwenye mtandao mpaka siku unapofika.

7. Pokea shukrani zake zinavyokuja

Kwetu aliyepewa kitu hushukuru papo hapo, na asiyeshukuru ameonyesha dharau. Weka kando kipimo hicho kwa miezi hii. Sanduku linaweza kufika akiwa doria, akalikuta baada ya siku kadhaa, akalifungua amechoka, akalala. Ujumbe wake wa kwanza mara nyingi utakuwa maneno mawili: "Mama, nimepata." Hayo ni mengi. Mjibu kwa furaha na usimuulize mbona amechelewa.

Shukrani yenyewe huja baadaye, ikiwa imejificha ndani ya mazungumzo mengine. Anakusimulia kwamba jana alipika chai, wakaja wawili, wakaja wanne, na sajenti wake aliyezaliwa Texas sasa anapita kila jioni kuuliza kama ile chai ya pilipili ipo. Sikiliza hapo. Alichokitaja kwa jina ndicho kilichofika moyoni. Asichokitaja kilitumika tu. Akisema chai, sanduku lijalo liwe na chai ya watu kumi. Akisema alimsomea mwenzake barua ya bibi akimtafsiria, mwambie bibi aandikishe nyingine.

Na utaona kwamba wanachoshukuru zaidi ni kile kilichowapa cha kugawa. Kambini sanduku hufunguliwa mbele za watu. Anayegawa korosho siku hiyo ni mwenyeji, naye kwa miezi amekuwa mgeni kila mahali. Kwa kijana wetu mwenye jina ambalo wenzake wanalitamka vibaya na anayeulizwa Afrika ni nchi gani, kumkaribisha mtu kwenye kitu cha kwao ni jambo kubwa. Kwa hiyo mimi hufunga mifuko midogo midogo ya kugawa, na mmoja mkubwa ulioandikwa jina lake, asiogope kuula peke yake.

Kwenye baadhi ya maeneo ya operesheni askari hutuma barua nyumbani bure, huandika "Free Mail" kwa mkono pale penye nafasi ya stempu. Ukipata bahasha ya namna hiyo, itunze, na usiipige picha kuiweka mtandaoni: ina jina, kikosi na anwani yake. Hata picha ya sanduku lililofunguliwa, iangalie kwanza nyuma yake kunaonekana nini, kisha umwombe ruhusa.

8. Waulize kuhusu wasiopata kitu

Kila platuni ina mtu ambaye jina lake haliitwi barua zinapogawiwa. Mwambie mwanao akupe jina na anwani yake, kwa ridhaa ya mwenyewe. Akina mama wa jumuiya, wa kanisa au wa msikiti wakigawana, sanduku moja la ziada kwa mwezi si mzigo kwa yeyote. Barua yake iandikwe na mtu mzima mmoja, yule yule kila mara, ili awe na mtu wa kumjibu. Yapo pia mashirika kama Operation Gratitude na Soldiers' Angels, yote ya tangu 2003, yanayopokea barua na michango kwa ajili ya askari. Kwa asiye na jina la kutumia, huko ni mahali pazuri pa kuanzia.

9. Jua wakati wa kuacha

Miezi ya mwisho mwanao atakuambia, kwa njia yake, kwamba safari inakaribia. Tarehe yenyewe usiitaje kwa watu wala mtandaoni. Acha kutuma mwezi mmoja na nusu kabla, kwa sababu sanduku litakalomkosa litazunguka kambi kwa kambi kabla ya kurudi kwako. Kwenye lile la mwisho usitie vitu vya kukaa, maana atavibeba begani. Tia vya kuliwa siku hiyo hiyo, vingi kuliko kawaida, na uandike juu yake kwamba ni vya kuaga wenzake.